Watu wa sinagogi wanataka nini?

Familia ya wakimbizi iliyokaa miaka mingi kambini Nyarugusu au Kakuma inatua Marekani, na wanaoipokea uwanja wa ndege si polisi wala watu wa kanisa. Ni kikundi cha wazee na vijana waliobeba makoti ya baridi na kiti cha mtoto cha kufunga garini. Mfanyakazi wa shirika anawatambulisha: hawa wametoka sinagogi. Kesho yake maswali yanaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakongomani na Warundi. Wanalipwa na nani? Watatubadilisha dini? Mbona hata hawajatualika kusali? Mmoja anajibu kwa sauti ya dakika nne kwamba huo ni mpango wa Israel. Mwingine anasema Wayahudi wote ni matajiri, kwa hiyo kutoa hakuwaumi.

Maswali yenyewe ni ya haki. Aliyeishi kambini amejifunza kwamba kila msaada una mwenyewe, na mwenyewe huyo siku moja huja kudai apigwe picha nao. Tatizo liko kwenye majibu, maana yanachanganya mambo matatu yasiyo kitu kimoja. Myahudi ni mtu wa taifa na dini ya Kiyahudi, popote alipo duniani. Mwisraeli ni raia wa nchi ya Israel, na takriban raia mmoja kati ya watano wa nchi hiyo ni Mwarabu. Sinagogi ni nyumba ya sala ya Wayahudi pamoja na jumuiya inayokutana humo, na jumuiya hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Dini ya Kiyahudi haina papa wala askofu mkuu, na hakuna makao makuu yanayotuma waraka usomwe kila mahali. Marekani, wanachama wa sinagogi kwa kawaida hulipa ada ya mwaka, huchagua kamati, na kamati humwajiri rabi, ambaye ni mwalimu na mjuzi wa sheria za dini. Wajumbe wa kamati hawalipwi. Kwa hiyo kabla hata hatujafika kwa maskini na wakimbizi, sinagogi lenyewe linasimama kwa watu wa kujitolea: anayeshika daftari la hesabu, anayepanga viti, anayefundisha watoto kusoma Kiebrania, anayepika chakula cha baada ya sala.

Zipo sala zisizosomwa mpaka wapatikane watu wazima kumi. Orthodoksi, yaani wale wanaoshika sheria kwa ukali zaidi, huhesabu wanaume tu. Mirengo mingine huhesabu na wanawake. Mojawapo ya sala hizo ni kadishi, ambayo aliyefiwa na mzazi huisoma kwa miezi kumi na mmoja. Hawezi kuisoma peke yake. Katika mji wenye Wayahudi wachache, mtu hupigiwa simu alfajiri: tuko tisa, njoo. Anavaa viatu anakwenda. Hatoi senti, hafanyi hotuba, anasimama tu pale ili mwenzake amwombee mama yake, na hilo linahesabiwa kuwa utumishi kamili.

Mkristo anayeingia sinagogi Jumamosi kwa mara ya kwanza hushangaa kutoona kikapu kikipita. Sheria inakataza kushika fedha siku ya Sabato, inayoanza Ijumaa jua likizama na kwisha Jumamosi nyota zikionekana. Fedha zina siku zake. Katika nyumba nyingi kuna kisanduku kidogo chenye tundu juu, na sarafu hutumbukizwa humo Ijumaa jioni kabla ya mishumaa kuwashwa.

Deni lenye masharti

Ukiwauliza wenyewe kwa nini wanafanya haya, utasikia neno tzedaka. Ni mali ambayo mwenye nacho anawajibika kumpa asiye nacho. Tilia mkazo hapo kwenye kuwajibika, kwa sababu Torati hailiachi jambo hili kwenye huruma ya mtu. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, kinamkataza mkulima kuvuna shamba lake mpaka pembeni. Pembe na masazo ni vya maskini na mgeni, na ndivyo Ruthu alivyojikuta akiokota masuke Bethlehemu. Marabi wa kale walikaza zaidi: mwenye shamba akimruhusu maskini mmoja aokote na kumzuia mwingine, amewaibia maskini. Hawakusema amekosa ukarimu. Walisema ameiba.

Deni hili lina masharti kama madeni mengine. Kiwango cha kawaida ni fungu la kumi. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya sheria uliokamilika yapata miaka 1,500 iliyopita, inaweka na dari: hata mkarimu asitoe zaidi ya moja ya tano ya mali yake, asije akageuka naye kuwa wa kusaidiwa. Anayeishi kwa tzedaka naye lazima atoe kidogo katika alichopewa, ili asiwe mtu wa kupokea tu. Na mfuko wa mji sharti ukusanywe na watu wawili, si mmoja, kisha ugawanywe na watatu. Yeyote aliyewahi kuchangia msiba au harusi halafu akakaa kusubiri mweka hazina asome hesabu ataielewa hekima hiyo bila kufafanuliwa.

Aliyeyapanga haya vizuri kuliko wote ni Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufia Misri mwaka 1204. Aliandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu. Yeye aliweka ngazi nane za kutoa. Ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amenuna. Katikati wapo wanaotoa bila mpokeaji kuwajua, au wasiomjua wanayempa. Ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, au kazi, au kushirikiana naye katika biashara, ili asihitaji tena kunyoosha mkono.

Ngazi hiyo ya juu haikubaki vitabuni. Mwaka 1892 Wayahudi wa New York, wengi wao wahamiaji waliotoka Ulaya ya Mashariki na mabunda mgongoni, walianzisha chama cha kukopeshana bila riba, kwa kuwa Torati inakataza kumtoza riba ndugu aliyeishiwa. Chama hicho kipo hadi leo na kinakopesha watu wa dini zote. Vyama vya namna hiyo vipo katika miji mingine ya Marekani, ingawa si vyote vinavyokopesha asiye Myahudi. Kwa Mwislamu anayehangaika kupata mtaji wa taksi bila kugusa riba, hili ni jambo la kuulizia.

Neno la pili utakalosikia ni gemilut hasadim, matendo ya wema. Talmudi inalitofautisha na tzedaka kwa njia tatu. Tzedaka ni ya mali, wema ni wa mali na wa mwili. Tzedaka ni ya maskini, wema ni wa maskini na tajiri, kwa kuwa tajiri naye huugua na kufiwa. Tzedaka ni ya walio hai, wema ni wa walio hai na waliokufa.

Chama cha kuzikana

Hapo pa wafu tukae kidogo, maana ndipo mtu wa Afrika Mashariki anapowaelewa Wayahudi kwa haraka zaidi.

Chukua chama cha kuzikana cha mtaani: wanachama wanajulikana, zamu zinajulikana, na simu ikilia usiku hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na nini benki. Wayahudi wana chama hicho, wanakiita hevra kadisha. Cha mji wa Praha kilianzishwa mwaka 1564. Katika sinagogi nyingi wanachama wake ni watu wa kawaida, mwalimu, mhasibu, muuguzi mstaafu, waliofundishwa kazi na waliowatangulia. Wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake. Mwili hufunikwa wakati wote isipokuwa sehemu inayooshwa, maji humiminwa, sala husomwa, kisha wanauita mwili kwa jina na kuuomba radhi kama wameukosea heshima kwa lolote. Baada ya hapo huvishwa sanda nyeupe isiyo na mfuko. Mtu hukaa na mwili akisoma Zaburi mpaka wakati wa kuzika, ambako hufanywa mapema iwezekanavyo. Msomaji wa Lamu au Unguja ameshaona kwamba hapa hapungukiwi na mkalimani.

Sanda hiyo ina kisa. Talmudi inasimulia kwamba zamani gharama za kuzika zilipanda mpaka zikawauma ndugu kuliko kifo chenyewe, na wengine wakawa wanautelekeza mwili na kukimbia. Ndipo kiongozi mkuu wa wakati huo, Rabani Gamalieli, akaagiza kwamba yeye mwenyewe akifa azikwe kwa kitani cha kawaida. Baada ya mkubwa kuzikwa hivyo, nani angeona haya? Mpaka leo tajiri na fukara huvaa sanda moja. Nikitazama majeneza ya vioo na sare za msiba zinazoshonwa kwa mkopo kwetu, natamani Gamalieli mmoja angejitokeza katika kila wilaya.

Wema huu kwa marehemu ndio wanaouita wema wa kweli, kwa sababu anayetendewa hawezi kurudisha. Wanachama hawatangazi walimwosha nani. Na wafiwa wanaporudi nyumbani kukaa matanga ya siku saba, chakula cha kwanza hawapiki wao. Majirani huleta, kwa desturi mayai na dengu. Ratiba ya nani alete chakula siku ipi hupangwa na sinagogi, na leo hupangwa kwenye simu.

Ukishaona hivyo, kumpokea mkimbizi hakuwi jambo la ajabu. Kundi lililozoea kuitana usiku kuosha maiti halishindwi kuitana kuhamisha kitanda.

Kwa nini mtu asiye wao?

Kwa miaka mingi walijisaidia wenyewe kwanza, na hilo hawalifichi. Sheria yao inasema maskini wa mji wako watangulie. Lakini sheria hiyohiyo inasema maskini wasio Wayahudi walishwe pamoja na maskini wa Israel, wagonjwa wao watembelewe na wafu wao wazikwe, kwa ajili ya amani kati ya watu. Na amri ya kutomwonea mgeni, “kwa kuwa mlikuwa wageni katika nchi ya Misri”, Talmudi inahesabu kwamba Torati imelionya jambo hilo mara 36.

Juu ya maandiko kuna historia. Mwaka 1939 meli iitwayo St. Louis ilivuka bahari ikiwa na wakimbizi zaidi ya 900, karibu wote Wayahudi waliokuwa wakikimbia Ujerumani ya Hitler. Cuba iliwakataa karibu wote, Marekani ikawakataa, Kanada nayo haikuwafungulia. Meli ikarudi Ulaya, na 254 kati yao wakauawa katika vita na mauaji yaliyofuata. Katika sinagogi ya Marekani utakuta wajukuu wa walioipata viza na wajukuu wa waliokosa ndugu wote. Mtu wa namna hiyo akisikia neno mkimbizi, hasikii habari ya mbali.

Shirika linaloziunganisha sinagogi nyingi na kazi hii linaitwa HIAS. Lilianza New York mwaka 1881 kusaidia Wayahudi waliokimbia mateso ya Urusi. Baadaye lilifungua mlango kwa wakimbizi wa kila dini, na mapema miaka ya 2000 lilifungua ofisi Nairobi, iliyohudumia zaidi wakimbizi wanaoishi mjini. Wao husema zamani walisaidia kwa sababu wakimbizi walikuwa Wayahudi, leo wanasaidia kwa sababu wao wenyewe ni Wayahudi. Hadi mapema mwaka 2025 lilikuwa moja ya mashirika machache yaliyopewa kazi na serikali ya Marekani ya kuwapokea wakimbizi, pamoja na mengine yaliyoanzishwa na makanisa. Na kwa kuwa katika mwaka wa serikali ya Marekani ulioishia Septemba 2023 waliingia Wakongomani zaidi ya 18,000, wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote, haishangazi kwamba Kiswahili kimeanza kusikika kwenye kumbi za sinagogi.

Kazi hiyo imewagharimu. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia jengo la sinagogi mjini Pittsburgh, ambalo jumuiya tatu zilikuwa zinasalia humo, akaua watu 11. Alikuwa ameandika wazi mtandaoni chuki yake dhidi ya HIAS. Jumuiya mojawapo kati ya zile tatu ilikuwa imeshiriki Sabato maalumu ya kuwakumbuka wakimbizi juma moja tu kabla. Ukiona mlinzi mwenye silaha mlangoni mwa sinagogi, sababu ni hizo.

Yanayosemwa

La kubadilishwa dini ndilo jepesi kulijibu. Wayahudi hawatafuti waumini wapya. Kwa desturi, anayekwenda kwa rabi kuomba kuingia hukataliwa kwanza, hata mara tatu, ili ijulikane kama ana nia, na akikubaliwa husoma kwa muda mrefu kabla ya kupokelewa. Imani yao haisemi kwamba asiye Myahudi ataangamia. Kwa hiyo ukimya wao kuhusu dini, ambao baadhi yetu wanauona kama njama, kwao ni adabu.

Kuhusu fedha: mpaka mpango uliposimamishwa Januari 2025, shirika lilikuwa likipata ruzuku ya serikali kwa kila mkimbizi, ya miezi mitatu ya mwanzo. Waliokuja na magari yao kukupeleka kliniki hawakupata kitu katika ruzuku hiyo. Sinagogi huchangisha fedha zake kuongezea kodi ya nyumba au vyombo.

Kuhusu Israel: sinagogi si ubalozi. Wengi wa wanachama wana mapenzi na nchi ile na ndugu huko, na ndani ya sinagogi hiyohiyo wanabishana vikali juu ya serikali yake na vita vya Gaza. Anayekuja kukufundisha mabasi ya mji hakutumwa na yeyote kati ya hao wanaobishana.

La utajiri lina jibu jirani. Nje ya Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, wakulima ambao imani yao ilianza mwaka 1919 na Semei Kakungulu, mkuu wa kijeshi aliyeamua kuifuata Torati. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, na alipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki mamia machache. Mwaka 2004 wakulima hao waliunda ushirika wa kahawa pamoja na majirani zao Waislamu na Wakristo. Mwaka 2010 walifungua kituo cha afya mjini Mbale, kwa msaada wa Wayahudi wa nje, na mgonjwa wa dini yoyote hutibiwa. Wao hawakuwa na cha ziada.

Wapo pia wanaodhani Sabato inafunga kila kitu. Kuokoa uhai huivunja Sabato kwa amri ya sheria yenyewe. Hatzolah, huduma ya magari ya wagonjwa ya watu wa kujitolea iliyoanzia Brooklyn katika miaka ya 1960, huendeshwa na Wayahudi wa Orthodoksi ambao Jumamosi hawagusi usukani kwa jambo jingine lolote.

Nisiwapake mafuta kupita kiasi. Wayahudi wenyewe wana ugomvi kuhusu haya. Sinagogi nyingi za Marekani hupenda kusema tikun olam, kuutengeneza ulimwengu, na wapo marabi wanaolalamika kwamba maneno hayo yamekuwa bango la kufunika uvivu wa kusali na kusoma. Wengine hujibu kwa Isaya 58, inayosomwa katika sala ya asubuhi ya Siku ya Upatanisho watu wakiwa wamefunga: saumu niliyoichagua si kumgawia mwenye njaa chakula chako? Siku hizo sinagogi nyingi hukusanya vyakula vya makopo na mchele, kuvipeleka kwenye ghala la wasio na chakula.

Na watu wa kujitolea hukosea. Huja bila kupiga simu, hupanga makabati ya mama mwenye nyumba, huamua mtoto asome nini, hushangaa baba akikataa sofa iliyochakaa. Sofa hiyo ni ngazi gani ya bin Maimuni? Mtu anayo haki ya kusema hapana bila kuonekana hana shukrani, na kikundi kilichofundwa vizuri kinalijua hilo.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani aliagiza mpango wa kupokea wakimbizi usimamishwe, na watu waliokwisha kukatiwa tiketi wakabaki kambini. Kwa walioingia kabla, kazi iliyopo ni ya polepole zaidi: Kiingereza, leseni ya udereva, barua za shule, makaratasi ya uraia.

Ukialikwa kwao, au ukitaka kurudisha mkono, yapo machache ya kujua. Usipige simu Ijumaa usiku wala Jumamosi mchana kwa wanaoshika Sabato, hawatapokea. Ukipika sambusa na kuwapelekea, uliza kwanza: nguruwe na kamba hawali, nyama na maziwa hawachanganyi, na wengine hawali kilichopikwa katika jiko lisilo lao, ila matunda ambayo hayajakatwa hupokelewa. Mwanamke wa Orthodoksi huenda asimpe mkono mwanamume, jambo ambalo halitamshangaza Mswahili wa pwani. Kwenye ghala la chakula au darasa la lugha unakaribishwa kujitolea bila kuulizwa dini. Kwenye kuosha maiti hapana, hiyo ni ya wenyewe. Na kabla ya kwenda sinagogi, piga simu useme unakuja, ili mlinzi wa mlangoni awe na jina lako.